Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: anayeacha pombe aelekezwe wapi?

Ndugu Mganga Mkuu,

Mgonjwa wa pombe akiruhusiwa kutoka wodini huambiwa neno moja: acha. Haelezwi jioni ya Jumatano aende wapi, akakae na nani. Tunaomba kila hospitali na kila kituo cha afya, kuanzia Mtwara Mikindani hadi Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, kibandike ukutani karatasi moja: wanaoacha pombe wanakutana wapi, siku gani, saa ngapi, na namba ya kuulizia.

Kabla ya kikundi kuna hatari inayopaswa kushughulikiwa na watumishi wako. Mtu aliyezoea gongo au uraka, pombe ya mabibo ya korosho, kila siku akikatisha ghafla, huanza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huja mara nyingi kabla ya saa 48 kwisha. Siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka, huona wadudu ukutani, moyo huenda mbio, na wapo wanaokufa. Huku kwetu jambo hili lina msimu wake: siku za mwanzo za mfungo wa Ramadhani, mtu anapoacha kwa nia njema kabisa na ndugu zake wakadhani amepandwa na majini au ana malaria iliyopanda kichwani. Muuguzi wa zamu aulize swali moja tu: mara ya mwisho ulikunywa lini? Mwenye dalili nzito alazwe, apewe diazepamu, dawa ya kutuliza, chini ya uangalizi, wala asiachwe ajinunulie dukani. Thiamini, yaani vitamini B1, isicheleweshwe nyuma ya dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa vitamini hiyo inaweza kuudhuru ubongo. Kwa wasio na dalili, dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, la kupima unywaji wa pombe, lina maswali 10 tu. Alama 8 na kuendelea ni unywaji wa hatari, na 20 na kuendelea huashiria utegemezi.

Akishatulia, ndipo kikundi kinapohitajika. Tunakusihi kisianzishwe kwa barua ya ofisi. Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe ulioanza Akron, Marekani, mwaka 1935, umedumu kwa kanuni nyepesi: sharti la kujiunga ni hamu ya kuacha kunywa, hakuna ada, na wanachama hujichangia wenyewe bila kupokea fedha za nje. Watu wawili wenye nia hiyo wanatosha kuanza. Vikundi hufa kwa vitu viwili tunavyovipenda sana maofisini: daftari la mahudhurio na posho. Daftari lenye majina matatu na sahihi likionekana mezani, mwalimu na askari hawarudi. Posho ikitajwa, watajaa wasio na tatizo, na siku fedha za mradi zikikatika, viti vitabaki vitupu.

Unachoweza kutoa ni chumba, na uchaguzi wake si jambo dogo. Ukumbi wa kanisa utawazuia Waislamu wengi, na madrasa itawatisha zaidi wale wanaokunywa kwa siri. Ofisi ya kata ina mgambo. Gongo ni kosa kisheria, na mama anayeipika huku akitaka kuacha kuinywa hatapita pale. Chumba kinachopakana na kliniki ya CTC, inayotoa dawa za VVU, humfanya kila apitaye ajiulize mtu huyu amefuata dawa gani. Darasa la shule baada ya masomo linafaa, au chumba cha kituo cha afya chenye mlango wa nyuma. Saa iwe kati ya Alasiri na Magharibi, wakati vilabu vinapojaa, na isiwe siku ya gulio. Wanawake wakiomba siku yao, wapewe.

Karatasi ya ukutani ieleze kama mkutano ni wa wazi, ambao ndugu na wanafunzi wa uuguzi wanaweza kuingia, au ni wa wenye tatizo pekee. Namba iwe ya laini ya kikundi, isiwe ya mtu mmoja, maana mtu huhama. Kila miezi 3 afisa ustawi wa jamii aipige na kuhakiki. Aliyejikaza akasafiri kutoka Nanyamba, akakuta kufuli mlangoni, hataamini karatasi ya pili.

Panapokosekana kikundi kabisa, mikutano ya mtandaoni inasaidia, ingawa mingi ni ya Kiingereza. Saa ndiyo huwapoteza watu: tangazo la London la 20:00 mwezi Januari ni saa 5 usiku Mtwara, na mwezi Julai ni saa 4. Anayeogopa kumaliza bando azime video, asikilize sauti tu.

Kuanzia Oktoba mabibo yatakuwa yanadondoka, uraka utakuwa wa bei chee, na malipo ya minada ya korosho yataingia mifukoni. Tunaomba vyumba vitengwe na karatasi zibandikwe kufikia mwisho wa Agosti, na wauguzi wa zamu wawe wameshaelekezwa kuhusu dalili na thiamini.

Ni sisi,
Wahudumu wa afya ya akili na ustawi wa jamii, Mtwara