Mdogo wangu, wingi wa seli sio aina za seli

Mdogo wangu,

Juzi ulinitumia picha ya majibu yako ya damu, limfosaiti (seli nyeupe za kinga, seli T zikiwemo) ziko palepale zinapotakiwa, ukamalizia na "kinga iko fulu". Nikakurushia dole gumba maana nilikuwa mbio, ila limenikaa kichwani tangu siku ile, kwa sababu hicho ndicho ninachokesha nacho kwenye kompyuta na sijawahi kukaa nikakueleza wewe.

Ile karatasi imehesabu vichwa tu, haikuuliza nani ni nani. Kila seli T ina kipokezi chake cha kunasia mdudu, na kipokezi kinatengenezwa kwa kuchanganya vipande vya jeni kibahati nasibu, halafu kwenye maungio herufi za jeni zinakatwa na kuchomekwa hovyohovyo (Tonegawa alipata Nobel 1987 kwa kuonyesha mchezo huu kwenye antibodi, yaani kingamwili, seli T nazo ni mtindo uleule). Vipokezi vinavyoweza kutokea ukivipigia hesabu unapita moja yenye sifuri 15 nyuma yake. Seli T za mtu mzima ni kama bilioni 400 hivi. Yaani hakuna binadamu anayeweza kuwa na aina zote za vipokezi, kila mtu anatembea na kafungu kake, hata mapacha wa kufanana.

Sasa hako kafungu ndiko tunakoandikia modeli. Mlinganyo wenyewe hautishi: zinazotoka thaimasi (tezi ya kifuani inayokomaza seli T), jumlisha zinazojigawa, toa zinazokufa. Utamu uko hapa, seli ikijigawa inaongeza nakala ya aina ileile, aina mpya inatoka thaimasi tu, na thaimasi yenyewe inasinyaa kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo jumla inaweza kusimama palepale miaka na miaka huku koo ndogondogo (seli za aina moja, zenye kipokezi kilekile) zinazimika moja moja na majibu yako ya damu hayaoni kitu. Panya wao hata wakizeeka seli zao ambazo bado hazijakutana na mdudu zinatoka sana thaimasi, sisi watu wazima karibu zote zinatokana na kujigawa, ndio maana mtu akichukua namba za panya akazibandika kwa binadamu mimi huwa nanuna kabisa.

Utauliza basi si mhesabu aina tu? Tunahesabu, ila kitubu cha damu ni tone kwenye bahari, limfosaiti nyingi ziko kwenye tezi na wengu na utumbo, kwenye damu ni chache mno. Hapo watu wa kinga wamekopa kwa watu wa vipepeo, sikutanii. Corbet, mtu wa wadudu, alikusanya vipepeo Malaya (Malaysia ya leo), Fisher, mtu wa takwimu, akaisaidia hesabu yake 1943: spishi 118 zilionekana mara moja tu, 74 mara mbili. Zikionekana nyingi za mara moja ujue nje kuna nyingi hujaziona. Anne Chao, naye mtu wa takwimu, mwaka 1984 akatoa kanuni fupi, 118 mara 118, gawa kwa mara mbili ya 74, unapata kama 94, hizo ni spishi zilizojificha, kwa uchache.

Kwa seli T kanuni hiyo ina mtego. Mashine ya kusoma jeni ikikosea herufi moja inakuzalia "aina" ambayo haipo, na karibu kila kosa linaangukia kwenye kundi la mara moja, kundi hilohilo ambalo kanuni inalizidisha kwa lenyewe. Mimi nimewahi kuwa na tubu moja iliyonionyesha utajiri wa ajabu, nikafurahi wiki nzima, kumbe makosa ya kusoma, nilipoyachuja utajiri ukayeyuka.

Kwa hiyo lile swali lako la siku zote, "mimi ninazo aina ngapi?", hata ungeniletea tubu kumi ningekujibu kwa "si chini ya" halafu namba, juu sikuwekei kikomo. Na lile dole gumba nalirudisha, weka ka emoji ka kukuna kichwa.