Barua kwa Nekesa: Niliibiwa, Sikuibwa

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa Nekesa,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto. Barua yako nimeipata Ijumaa. Kondakta alinipigia nikiwa bado kazini, nikakimbia stendi na viatu vya ofisini kuchukua bahasha na kile kifurushi cha viazi. Ahsante sana, mama. Viazi vya Nakuru vikifika huku bei yake huwa imepanda Mau Summit pamoja navyo, kwa hiyo wiki hii nala kama tajiri.

Sasa swali lako. Unasema Kidato cha Pili wako walipewa zoezi la maneno ya Kiingereza yanayokaribiana, na karibu darasa zima likaandika maana moja pande zote mbili: "steal" kuiba, "rob" kuiba, "house" nyumba, "home" nyumba. Unataka nikuandikie orodha uibandike ukutani. Orodha sina, Nekesa. Miaka kumi na minane sasa nasimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, nikibeba maneno ya watu kutoka Kijaluo na Kiswahili kuyapeleka kwenye Kiingereza na kuyarudisha, na kila wiki naona maneno ambayo kamusi imeyalaza kitanda kimoja yakigombana mchana kweupe. Nitakusimulia ugomvi wenyewe, orodha utajitungia.

Nimecheka sana na yule mtoto aliyeandika "I was stolen my phone." Usimpige kalamu nyekundu kabla hujaona alikotoka. Kiswahili kimempa mnyambuliko mtamu: kuiba kitu, kumwibia mtu, mtu kuibiwa, kitu kuibwa. Simu imeibwa, mimi nimeibiwa. Hiyo "i" moja katikati ndiyo inayomtenga mwenye mali na mali yake. Kiingereza hakina "i" ya namna hiyo, kimeamua kutumia vitenzi viwili. "Steal" hushika kile kilichochukuliwa: simu, ng'ombe, pesa. "Rob" humshika aliyechukuliwa, au mahali palipovamiwa: mama, benki, duka. Mtoto wako amebeba "nimeibiwa" yake akavuka nayo mpaka, na upande wa pili imegeuka kuwa yeye mwenyewe alitiwa guniani akapelekwa Busia.

Ila usiwaache waamini kwamba tofauti ni ya sarufi peke yake. Hapo ndipo nilipojikwaa mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mlalamishi alikuwa mama muuza nyanya. Alisema kwa Kijaluo kwamba kijana alimnyang'anya simu sokoni, na mimi, kwa kujiamini kwa mtu mgeni, nikatamka "He robbed me of my phone." Hati ya mashtaka ilisema wizi. Wakili wa kijana akaruka kama aliyekalia moto. Hakimu akanitazama juu ya miwani, akaniambia nimuulize mama kama kijana alimpiga, alimtisha, au alimwonyesha silaha. Mama akashangaa. "La, alikwapua tu. Alipita kama upepo."

Alikwapua! Laiti ningelikuwa na neno hilo mdomoni mapema. Kiswahili kimejaa maneno haya kuliko tunavyokisifu: kuiba, kupora, kunyang'anya, kukwapua, kuchomoa mfukoni bila mwenyewe kuhisi. Na mimi nilikuwa nimechukua lililo zito kuliko yote. Kwa Sheria ya Adhabu ya Kenya, wizi wa kawaida, kifungu cha 275, ni hadi miaka 3. Kinachogeuza wizi kuwa "robbery", kifungu cha 295, ni nguvu au tishio la nguvu, liwe kabla kidogo, wakati wenyewe, au mara baada ya kuchukua. Hapo ni hadi miaka 14. Na ikiwa mshtakiwa alikuwa na silaha ya hatari, au aliandamana na mwenzake, au alijeruhi mtu, kifungu cha 296 kinataja kifo. Kijana wa simu alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilirekebisha neno, hakimu akaandika upya, nikaenda chooni nikakaa huko dakika tano mikono ikinitetemeka.

Halafu kuna hili, nililipata kwenye kamusi ya asili ya maneno nikalipenda mno. "Rob" na "robe", joho lile la majaji, ni ndugu wa tumbo moja. Kifaransa cha kale kililitoa kwa makabila ya Kijerumani, na maana yake ya kwanza ilikuwa mali iliyotekwa. Kwa kuwa mateka mengi yalikuwa nguo walizovuliwa watu, neno likahamia kwenye nguo yenyewe. Tangu siku hiyo nikiona jaji akiingia na joho lake huwa nainama zaidi ya wengine ili nifiche kicheko.

"Evening" na "night" wanafunzi wako wanadhani ni rahisi. Hata mimi. Kulikuwa na kesi ya nyumba iliyovunjwa Nyalenda, na shahidi, mzee mmoja mwenye maneno machache, akasema vijana waliingia "godhiambo". Nikatafsiri "in the evening", sikukosea hata herufi. Hakimu akaweka kalamu chini. Saa ngapi? Mzee akanigeukia mimi, kana kwamba ni mimi niliyeuliza upuuzi. Godhiambo ni godhiambo, mama mboga wakiwasha taa zao.

Kumbe taa za mama mboga zina uzito wa miaka 3. Kuvunja nyumba ya mtu na kuingia kwa nia ya kutenda uhalifu, ikiwa ni mchana, huitwa "housebreaking", hadi miaka 7. Ikiwa ni usiku huitwa "burglary", hadi 10. Na usiku si giza. Kifungu cha 4 kinasema usiku ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi. Wewe unajua huku kwetu Februari: saa hiyo jua bado linaelea juu ya ziwa, watoto wanacheza mpira, na sheria imeshalala. Sisi Wajaluo tumewapa watoto majina ya saa hizi: mimi Akinyi wa asubuhi, dada yangu Adhiambo wa jioni, binamu yetu Atieno wa usiku. Kwa Sheria ya Adhabu, msichana aliyezaliwa saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni ni Atieno, hata kama jua linamchoma usoni.

"Borrow" na "lend" nitayapita haraka kwa sababu kosa hapo ni letu, si la watoto. Tunasema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu", mzizi mmoja unaenda na kurudi kama feri ya Mbita, halafu tunashangaa mtoto akisema "borrow me your pen." Waambie waanzie kwenye pesa. Kukopa na kukopesha hawachanganyi hata wakiamshwa usingizini, maana kila mmoja ana mjomba anayedaiwa. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Pesa hufundisha haraka.

Nimeliacha la "house" na "home" mwisho kwa sababu yako wewe. Umeandika kwamba mmelipa ile awamu ya mwisho, mmehamia, na sasa "hatimaye tuna home Nakuru." Nimesoma sentensi hiyo mara tatu, na nikamfikiria mama mkwe wako kule Kimilili.

Vitabu vya Kiingereza huwaambia watoto kwamba "house" ni kuta na paa, na "home" ni pale penye upendo. Ni kweli kwa Waingereza. Huku kwetu upendo si hoja ya kwanza. Unakumbuka tulipokuwa darasa la tatu, mwaka 1987, redio ya baba yangu haikuzimwa kwa ajili ya kesi ya mazishi ya S. M. Otieno? Wakili huyo alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe Upper Matasia, Ngong, kwenye shamba lao. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema hapana, atazikwa Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano. Wakubwa walibishana mpaka chai ikapoa, sisi watoto tukidhani wanagombea maiti tu. Nilipoisoma kesi hiyo nikiwa mtu mzima ndipo nikaona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya maneno haya mawili ya zoezi lako. Upande wa ukoo ulishikilia kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, hata kumi, lakini "home" yake ni kwao. Hata mwanafalsafa Odera Oruka aliitwa kutoa ushahidi juu ya mila. Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi mwezi Mei, na tarehe 23 akazikwa Nyalgunga. Mjane hakuhudhuria.

Mimi sijawahi kuamua ni nani nilikuwa upande wake. Nikisoma maneno ya Wambui namwona mke aliyeishi na mtu huyo, aliyejua alilala wapi na alicheka wapi. Nikimsikiliza baba yangu, "ot" ni nyumba na "dala" ni kitu kingine kabisa: mwanamume huenda alfajiri na mwanawe wa kwanza, shoka, jogoo na moto, akaweka boma. Bila hayo, hata ukijenga ghorofa ni ot tu. Nanyi Wabukusu mna enju, nyumba, na engo, kwenu, kwa hiyo usinicheke. Kiswahili nacho hakiko mbali: tunasema nyumba, halafu tunasema kwetu, na hakuna anayehitaji kuelezwa.

Kuna jambo moja la sarufi hapa ambalo wanafunzi wako watalipenda. Wanaandika "I am going to home" na wewe unakata ile "to" bila kutoa sababu. Sababu wanayo mdomoni. Hawasemi "naenda kwa nyumbani". Ile "-ni" imeshabeba mwelekeo, na "home" ya Kiingereza hufanya kazi vivyo hivyo, imeshabeba njia ndani yake. "House" haina hiyo njia, ndiyo maana huwezi "go house". Ukiwaambia hivyo hawatasahau.

Sasa niambie wewe. Mama mkwe akikuuliza mtarudi nyumbani lini, huwa unamjibu Desemba, au unamjibu kwamba mko nyumbani tayari? Siulizi kwa ubaya. Mimi mwenyewe nina chumba na sebule hapa Milimani, mapazia nimeyashona kwa mkono wangu, na wiki iliyopita dereva wa tuktuk aliponiuliza "madam, home ni wapi?" nikamtajia kijiji ambacho nimelala siku nne mwaka huu wote.

Nina likizo wiki ya pili ya Desemba, nitapitia kwako kabla hamjashuka Kimilili, kama mtashuka. Nataka kuiona hiyo nyumba, na nitaiita utakavyo mbele ya mumeo. Gauni lako la zambarau nitakuja nalo. Wewe unasema uliniazima, dada yako anasema nililipora. Kwa kumbukumbu za korti, hakukuwa na nguvu wala tishio, na ilikuwa saa nane mchana.

Wako,
Akinyi