Tulishona viti vya Peugeot hapa Changamwe

Kwa Mhariri,

Nimefuatilia barua za wasomaji wenzangu kuhusu magari yanayounganishwa humu nchini. Mmoja anataka magari mitumba yapigwe marufuku kesho asubuhi. Mwingine anauliza viwanda ni vya nini ilhali Toyota Vitz yake, mtumba uliotoka Japani, haijamlaza njiani hata siku moja. Mimi si mwanasiasa wala sina yadi ya magari. Ni fundi wa viti, na naona wote wawili wanagombania gari lenyewe na kuyasahau yaliyomo ndani yake.

Nilianza kazi mwaka 1984, katika karakana ndogo hapa Changamwe. Wakati huo nchi ilikuwa na viwanda vitatu vya kuunganisha magari, vyote vilivyoanzishwa miaka ya sabini na serikali ikiwa na hisa ndani yake: Leyland kule Thika, General Motors jijini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers hapa Mombasa. Gari lilishuka bandarini likiwa vipande ndani ya makasha ya mbao (mbao zile, tukizipata, zilikuwa mali, vibanda vingapi vya Magongo vilijengwa kwazo!). Lakini si kila kipande kiliruhusiwa kuja ndani ya kasha. Serikali ilikuwa na orodha ya vitu ambavyo kiwanda kilitakiwa kuvinunua humu humu nchini: betri, tairi, rangi, springi, ekzosi, redieta, nyaya, viti. Orodha hiyo ndiyo iliyoniajiri mimi.

Tulikuwa mafundi 26. Kuna waliokata kitambaa, kuna waliopinda vyuma vya fremu, kuna waliochonga sponji, na sisi wa cherehani. Peugeot 504 ile ndefu, iliyokuwa ikibeba abiria kutoka Mombasa hadi Nairobi na kwingineko, ilikuwa na safu tatu za viti. Ukiona seti za magari kumi zinahitajika kwa wiki, ujue mna kazi ya usiku na watoto watanunuliwa viatu. Peugeot 504 ya saluni ilikuwa imeshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975, na kila dereva wa masafa alijiona yeye ndiye bingwa.

Mwaka 1993 soko likafunguliwa, na magari mitumba yakaanza kuingia kwa wingi. Sisemi yalikuwa mabaya. Mwalimu wa shule ya msingi alipata kumiliki gari kwa mara ya kwanza, na hilo si jambo dogo. Ila gari mtumba linakuja limekamilika. Kiti chake kimeshonwa Nagoya, kule Japani, na kimeshonwa vizuri kiasi kwamba miaka kumi inapita kabla mwenyewe hajanitafuta. Kufikia 1998 tulikuwa wanne katika ile karakana, tukishona viti vya matatu. Wale 22 hakuna takwimu iliyowataja kuwa wamefutwa na kiwanda cha magari, kwa sababu hawakuwa waajiriwa wa kiwanda cha magari.

Ndiyo maana hunipati katika kilio cha "gari letu la Kenya". Mwaka 1986 Rais Moi aliwapa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ya kutengeneza gari la nchi hii, na Februari 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa Kasarani. Magari ya majaribio yalikuwa matano. Tulishangilia sana. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na hadithi ikaishia hapo. Malaysia walitoa Proton yao ya kwanza mwaka 1985, karibu wakati ule ule; wao waliliwekea soko lao ukuta wa ushuru na kulilea miaka na miaka, sisi tulifanya sherehe. Baadaye sana akaja Mobius, gari lililobuniwa Nairobi kwa ajili ya barabara mbovu. Mobius II liliuzwa takriban shilingi milioni 1.3, na kwa fedha hizo mtu angepata mtumba wa Kijapani wenye kiyoyozi. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba inafunga kwa kuelemewa na madeni, kisha akajitokeza mnunuzi wa kuichukua. Sijui kwa nini tunaendelea kuamini kwamba mlango wa kuingilia ni gari dogo la familia, mahali ambapo Japani inatushinda kwa bei, kwa starehe na kwa spea zilizojaa kila mtaa.

Twende kwenye lori na basi, ambako kiwanda hakijafa.

Chesisi ya Isuzu inaunganishwa Nairobi, katika kile kiwanda kilichokuwa cha General Motors hadi Isuzu waliponunua hisa zao mwaka 2017. Inatoka pale haina chochote nyuma ya injini ila vyuma viwili virefu. Kisha inakwenda kwa wajenga bodi. Hapo ndipo riziki inapogawanywa: mchomeleaji, wa mabati, wa vioo, wa rangi, wa taa na muziki, kijana anayechora picha za wachezaji mpira ubavuni, na mshona viti. Kwa basi moja la abiria 33 nashona viti 33 na cha dereva, na chake kina masharti mengi kuliko vyote. Lori nalo linataka kontena lake, tangi lake, turubai lake. Hakuna Mjapani anayeweza kukuletea matatu ya Nairobi ikiwa kamili, kwa hiyo biashara hii imedumu bila kuimbiwa wimbo wowote wa uzalendo. Siku hizi hata mabasi ya umeme yanaunganishwa Thika, katika kiwanda kile kile cha enzi za Leyland. Hayo nayo yana viti.

Sasa tuseme juu ya serikali. Msaada wake tunauona zaidi siku za uzinduzi. Desemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa Thika, Volkswagen Polo Vivo ya kwanza ikitoka. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa. Lakini nenda ukaegeshe karibu na ofisi yoyote ya wizara au ya kaunti uhesabu yale magari makubwa yenye vioo vyeusi. Mengi yalishuka melini mazima. Kwa miaka mingi tumesikia agizo hili na lile kwamba serikali inunue kwanza kinachounganishwa hapa, na kila agizo limekuja na upenyo wa kutosha kupitisha Land Cruiser. Viwanda vyetu vitatu vina uwezo wa kuunganisha magari zaidi ya 30,000 kwa mwaka, na miaka mingi havifiki hata nusu yake. Mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini ni serikali yenyewe, na yeye ndiye anayepita nje ya mlango.

La pili ni Juni. Kila Juni, bajeti ikisomwa, mwenye kiwanda na mwenye yadi wote wanakaa mbele ya televisheni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mwishoni mwa 2015 ushuru wa bidhaa kwa gari la zaidi ya miaka mitatu uliwekwa shilingi 200,000 bila kujali thamani yake, na mwaka uliofuata ukafutwa na asilimia 20 ikarudi. Mwaka 2023 ushuru wa forodha ukapanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Mwaka 2024 muswada wa fedha ukaleta kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ambayo iliondolewa kabla vijana walioandamana kuupinga muswada huo hawajaingia Bungeni. Sitaki kusema ipi ilikuwa nzuri na ipi mbaya. Ninachosema ni kwamba mashine ya kushonea ngozi nzito huilipii deni kwa mwaka mmoja. Ukikopa ya miaka mitano, utapita bajeti tano, na yoyote kati ya hizo inaweza kukufunga. Mwenye fedha akiliona hilo, hajengi kiwanda cha vipuri. Anajenga nyumba za kupangisha Bamburi.

Afrika Kusini walianza mpango wao wa magari mwaka 1995, wakaurekebisha 2013, na huu wa sasa unafika 2035. Marais wamebadilika, mpango haukutupwa. Mtu anayetengeneza ekzosi kule anajua kanuni za miaka kumi ijayo. Wao, ni kweli, hawaruhusu mitumba kuingia kwa biashara, na hapo ndipo yule msomaji wa marufuku ataruka juu. Mimi siungani naye. Hapa Mombasa ukizuia meli za magari, kesho yake nyumba nyingi hazipiki: mawakala wa forodha, vijana wa yadi, madereva wanaopeleka magari hadi Malaba, mpakani na Uganda, usiku kucha. Mpwa wangu ni mmoja wao. Tayari kuna kikomo cha umri wa miaka minane kwa mtumba unaoingia, ambapo mwaka 2025 halikuruhusiwa gari lililosajiliwa kwanza kabla ya 2018. Kikomo hicho kinatosha kwa magari madogo. Waacheni walimu na Vitz zao.

Ninachoomba ni ile orodha irudi. Kwa kila lori, basi na pikapu inayounganishwa hapa kwa nafuu ya ushuru, kuwe na vitu vinavyotakiwa kutoka humu nchini, vichache mwanzoni, vikiongezeka kwa tarehe zilizoandikwa sheriani ambazo hotuba ya Juni haiwezi kuzigusa. Iwe pia ni orodha inayopima ubora, maana nakiri tuliwahi kulegea kwa kujua kwamba kiwanda kililazimika kutununua sisi. Kuna sponji tuliyoitoa 1989 ambayo ningeona haya kuikalia. Na ianze na vitu ambavyo bado vina mafundi hai. Tairi tumeshachelewa: kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza Firestone na baadaye Yana kilizimwa mwaka 2016, na tairi zikaanza kuagizwa kutoka nje. Kukiwasha tena si kazi ya mwezi mmoja. Springi, betri, bodi na viti bado vipo.

Na wabunge wa kamati ya biashara na viwanda, kama wanasoma ukurasa huu, wana kazi moja isiyohitaji hata shilingi. Waitake kila wizara na kila kaunti itoe hesabu ya magari iliyonunua au kukodi miaka mitano iliyopita: mangapi yaliunganishwa Thika, mangapi Nairobi, mangapi Mombasa, na mangapi yalishuka bandari ya Kilindini yakiwa yamekamilika. Waichapishe gazetini, jina la ofisi na idadi pembeni yake.

Fundi wa viti,
Changamwe, Mombasa