Shukrani kwako uliyenipigia hesabu nyuma ya bahasha

Ndugu yangu nisiyekujua jina, asante sana. Nilikuwa nimekaa karibu nawe kwenye foleni, fomu ya mkopo mapajani, nikiamini riba ya asilimia 2 kwa mwezi ni 24 kwa mwaka. Uliniomba radhi kwanza, ukageuza bahasha yako, ukazidisha 1.02 (yaani deni la 1 pamoja na riba yake ya mwezi) kwa 1.02, kisha tena na tena, mstari chini ya mstari, hadi mwezi wa 12: 1.268. Kumbe deni lisilolipwa, riba ikizaa riba, lingepanda kwa karibu asilimia 27. Sikutia saini siku ile.

Halafu ukanifundisha kanuni ya 72, na hiyo ndiyo iliyonigusa zaidi. Gawanya 72 kwa asilimia ya ukuaji wa kila mwaka, utapata takriban miaka ya kuongezeka maradufu. Uchumi unaokua kwa asilimia 3 huhitaji miaka 24 hivi. Wa asilimia 6, miaka 12. Tofauti niliyoiona ndogo ni ajira za kizazi kizima!

Shuleni hesabu niliikimbia. Sasa kila jioni nasoma logarithimu, na bahasha yako iko mezani, wino umeanza kufifia. Mungu akubariki popote ulipo.