Mponyaji aliyevaa glavu

Mhariri,

Gazeti lenu nimelinunua tangu enzi ambazo nakala moja ilizunguka mtaa mzima na kurudi haina ukurasa wa michezo. Muda wote huo sijawahi kuwaandikia. Mkichapisha upuuzi nilikuwa nalikunja, nakunywa chai, yanaisha. Safari hii hayajaisha.

Nasema ile habari yenu ya mkutano wa uponyaji, na naamini mnaikumbuka kwa sababu mliipa nusu ukurasa na picha ya rangi. Mwandishi wenu anatusimulia kwa bashasha jinsi mgonjwa wa ukoma alivyopandishwa jukwaani, akaombewa, akatangazwa mzima, kisha akatoa vidonge mfukoni akavitupa chini, umati ukalipuka kwa vigelegele. Habari ikaishia hapo. Daktari hakuulizwa, muuguzi hakuulizwa, na huyo mgonjwa mwenyewe hakupewa hata sentensi moja. Na kwenye picha, kwa yeyote mwenye macho, mkono wa mtumishi uliowekwa juu ya kichwa chake umevaa glavu. Zile nyeupe za mpira, za zahanati.

Mimi si mwanatheolojia, ila Marko sura ya 1 naijua. Mwenye ukoma anapiga magoti, Yesu ananyosha mkono, anamgusa, ndipo anasema, "Nataka, takasika." Mkono ulitangulia neno. Alimgusa angali na ugonjwa wake, tena katika taifa ambalo Walawi sura ya 13 ilimtaka mtu wa namna hiyo akae nje ya kambi na kujitangaza kwa sauti kuwa ni najisi. Halafu akamwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani, ambaye kwa sheria ile ndiye aliyekagua ngozi za watu na kuamua nani arudi nyumbani. Yaani Bwana mwenyewe alimtuma mtu wake akakaguliwe. Huyu wa kwenu kagusa kwa glavu, kisha kamzuia mtu na zahanati.

Vidonge vile havikuwa vya kutupwa. Vimelea vya ukoma vilitambuliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, kwa hiyo maneno ya laana ya ukoo yamepitwa na wakati kwa karibu karne moja na nusu. Tangu 1981 Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza dawa mseto, ukoma unapona: miezi sita kwa mwenye mabaka machache, mwaka mzima kwa mwenye mengi, na hapa kwetu dawa hutolewa bure. Akishaanza kumeza, haichukui muda mrefu anakuwa hawezi kumwambukiza mtu. Akiacha katikati, vimelea vinaweza kurudi kazini na mishipa ya fahamu ikaendelea kuharibika. Mwandishi wenu aliona mtu akiacha katikati, akaandika "muujiza".

Nayajua haya kwa ajili ya mjomba wangu, kaka wa marehemu mama. Alianza na baka mgongoni ambalo halikuwasha wala kuuma. Wakamwambia amerogwa. Alipokuja kukutana na muuguzi wa kumgusa kwa kipande cha pamba na kumuuliza kama anahisi, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshajikunja. Akameza dozi yake mwaka mzima, kidonge cha kwanza cha kila pakiti mbele ya muuguzi. Moja ya dawa zile hugeuza ngozi iwe nyeusi kwa muda, na mkojo hutoka mwekundu. Basi majirani walivyomwona anazidi kuwa mweusi, wakasema ndio ukoma unammaliza. Ndipo alipokuwa anapona! Akapewa barua ya kumaliza matibabu. Vidole havikunyooka, kwa sababu dawa huua vimelea, haifufui mishipa iliyokufa, na mkono usiohisi moto utaungua kwenye sufuria hata kama mwenye mkono alipona zamani. Watu wanaangalia vidole wanasema bado anaumwa.

Sasa nisikilizeni. Mjomba ana migomba nyuma ya nyumba. Jumapili moja akaleta mkungu kanisani, sadaka ya mavuno kama wengine, mkungu mkubwa ambao kijana mmoja wa kwaya alisaidia kuushusha akausogeza kwa mguu. Kwa mguu, mhariri. Baada ya ibada, kama kawaida, mnada. Kuku wakaenda, mayai yakaenda, kibaba cha maharage kikagombewa mpaka bei ikapita ya sokoni, watu wakipandisha kwa utani na kumshukuru Mungu. Ukafika mkungu wa mjomba. Mzee wa kanisa anayeendesha mnada akataja bei, kimya. Akashusha, kimya. Akashusha tena hadi kufikia bei ya kuchekesha, na wale wale waliokuwa wanapandishiana kwa maharage wakawa wanatazama viatu vyao, mmoja anatafuta kitu kwenye pochi ambacho hakikuwemo, mwingine kakumbuka ghafla kuwa anahitaji kusalimiana na mtu wa upande wa pili. Ndizi! Kitu kinachomenywa, kikapikwa kwenye maji yanayochemka! Na mjomba amesimama pale, kofia mkononi, anajifanya anasoma tangazo la ubatizo ukutani. Nikanunua mimi, kwa bei ya kwanza, kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Na mzee yule akapokea noti zangu akazihesabu. Bahasha ya mjomba ya ahadi ya ujenzi, aliyoitia kwa mkono ule ule wa vidole vilivyojikunja, ilipokelewa pia asubuhi hiyo, ikafunguliwa, pesa ikahesabiwa noti kwa noti na kutangazwa kwa jina. Pesa zake hazikumtisha mtu. Ndizi ndizo zilizokuwa na ukoma.

Wengi wa waliokaa kimya pale niliwaona baadaye wakipanda lori la kwenda kwenye mkutano wenu wa uponyaji.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu: hivi nani hutoa kibali cha viwanja vya mikutano hii? Huu wa juzi spika zake zilielekezwa kwenye wodi za hospitali, uchochoro mmoja tu katikati. Usiku kucha mapepo yanakemewa kwa sauti ya kutikisa mabati, na ng'ambo ya uchochoro kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji anataka kulala saa mbili tu. Ukiuliza unaambiwa unapinga kazi ya Mungu. Nenda kahoji chupa za mafuta zinauzwa bei gani, utaambiwa una roho ya Yuda. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako, tukalia wiki moja, biashara ikaendelea. Hawa watumishi wanaopenda sana kumhubiri Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma kwa neno la nabii Elisha, mbona sura hawaimalizi? Elisha alikataa fedha ya Naamani yote. Aliyemkimbilia yule mgeni njiani akadanganya na kuchukua talanta mbili na mavazi ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, na alitoka mbele ya bwana wake na ukoma. Hiyo mistari wanairuka kwa sababu gani?

Sisemi hakuna Mkristo anayejua kazi hii. Padri Robin Lamburn, Mwanglikana kutoka Uingereza, alikaa na wagonjwa wa ukoma kule Kindwitwi, Rufiji, mpaka uzee wake, katika eneo ambalo walio wengi ni Waislamu, na hakuhitaji jukwaa. Masista na wauguzi wa misheni wamefunga vidonda vya miguu nchi hii kwa miaka mingi bila kupigwa picha. Labda ndio maana hamjawaandika.

Pendekezo langu ni hili. Mtumishi yeyote anayetaka kutangaza uponyaji wa ukoma aje jukwaani na beseni, maji safi, jiwe la kusugulia na kopo la mafuta ya mgando. Apige magoti. Miguu ya mgonjwa iloweke nusu saa, na muda huo spika zizimwe. Asugue magaga taratibu, apake mafuta miguu ingali na unyevu ili ngozi isipasuke, kisha akague nyayo aone kama kuna mwiba au lengelenge, maana mwenye miguu hiyo hahisi. Palipo na kidonda amwachie muuguzi. Kesho arudie. Keshokutwa arudie. Mafuta hayo ni ya bei nafuu na yanafanya kazi, sadaka si lazima. Akifika mwezi bila kukosa siku, mimi mwenyewe nitaenda kumpigia makofi. Na usharika wetu nao, mnada ujao, uanze na mkungu wa mjomba kabla ya kuku, na wazee wa kanisa ndio wafungue bei.

Nanyi, mhariri, msingoje mpaka Siku ya Ukoma Duniani, Jumapili ya mwisho ya Januari, mkatuletea maneno ya mgeni rasmi. Mrudisheni mwandishi wenu wiki hii hii akamtafute yule mtu. Anamjua sura, alisimama karibu naye. Amuulize jina, na kama angependa liandikwe. Amuulize vidonge vilivyobaki vilikuwa vya miezi mingapi, kisha wapande bodaboda wote wawili, moja, mshikaki, mpaka zahanati, akapewe vingine. Nauli mlipe ninyi. Jibu la muuguzi mlichapishe nusu ukurasa, na picha ya rangi.

Msomaji wenu,
Morogoro