Mwanaidi, acha kubana kwanza

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, natumai shemeji na watoto hawajambo. Sisi wazima. Najua nimenyamaza mno na lawama nazikubali, tutagombana siku nyingine. Kilichonishikisha kalamu leo ni ule mstari mmoja uliouficha mwisho wa barua, baada ya habari zote za Zuhura na mawifi zake: kwamba tangu umzae kitindamimba, ukicheka au kukohoa mkojo unakuponyoka, kwamba umeambiwa ubane misuli ya nyonga mara 200 kwa siku, na kwamba sasa nyonga inauma na tendo la ndoa limekuwa adhabu. Halafu ukaandika "wasalaam". Jamani!

Acha kubana. Nisikilize kwanza.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kama machela, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Imebeba kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo mpana. Kazi yake si kubana tu. Inabana na inaachia, la sivyo mkojo, choo na mtoto vingetokaje? Sasa msuli uliokakamaa kutwa ni kama ngumi iliyokunjwa tangu alfajiri: ukiiamrisha ikunje zaidi, haina pa kwenda. Kikohozi kikija, haina nguvu iliyobaki, na mkojo unatoka vilevile. Kwa hiyo mtu huvuja kwa ulegevu, na mwingine huvuja kwa kukakamaa, na dawa ya huyu ni sumu ya yule.

Mazoezi haya yalipata jina kwa daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika juu yake mwaka 1948. Yeye aliwapa wanawake kifaa cha kupima mbano, waone kwa macho kama msuli sahihi ndio unaofanya kazi. Watu wakachukua kubana, kupima wakakusahau!

Maumivu yako yananifanya nishuku kukakamaa, ila barua haipimi mtu. Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea nyonga. Ataanza na maswali mengi, na huenda akakupa daftari ujaze siku 3: umekunywa nini, umekojoa saa ngapi, umevuja ukifanya nini. Ataangalia unavyopumua, tumbo na makovu. Kisha, ukikubali, ataingiza kidole kimoja chenye glavu na jeli ukeni, akuambie bana, achia, kohoa. Nguvu huipa alama 0 hadi 5, na anatazama pia kama unaweza kuachia. Una haki ya kukataa, ya kumtaka mtu wako awepo chumbani, na ya kusema basi katikati. Usione aibu kusema.

Akikuta ni kukakamaa, hutabana kwa muda. Utalala chali magoti yamekunjwa, uvute pumzi polepole hadi tumbo na mbavu zitanuke, na usikie sakafu ikishuka yenyewe bila kuisukuma. Dakika 5 hivi, asubuhi na jioni. Huenda akakukanda vile vifundo vya ndani vinavyouma. Kwa wanaoumia kwenye tendo la ndoa huwa kuna vipanuzi, vifaa vya kuingizwa ukeni taratibu ili uzoee kutanuka, wanaanza na kidogo kabisa.

Akikuta ni ulegevu, ndipo kubana kunapokuja, na si 200. Vuta ndani na juu kama unayezuia upepo mbele ya wakwe, shikilia sekunde 6 ukiweza, achia kabisa kwa muda uleule. Mara 8, vipindi 3 kwa siku: 24, Mwanaidi! Na uwe na subira ya miezi 3. Wengi hukosea kwa kubana makalio, kuzuia pumzi, au kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Hesabu kwa sauti. Sauti ikikatika, umezuia pumzi. Wala usijizoeze kwa kukata mkojo katikati, kibofu hakimaliziki vizuri. Kinachosaidia upesi ni kubana sekunde moja kabla ya kukohoa au kunyanyua mtoto.

Na choo je? Kujikamua huibomoa sakafu hiyohiyo. Ukiketi, weka miguu juu ya kigoda magoti yapite nyonga, inama mbele, pumua. Usiende kukojoa "kwa tahadhari" kila nusu saa pia. Kibofu hujifunza uvivu. Ongeza dakika 15 za kusubiri, zikizoeleka ongeza tena, hadi uweze kukaa muda wa saa 3 hivi bila kwenda. Na usipunguze maji ukidhani unajisaidia, mkojo mzito hukichokoza kibofu.

Mwambie na shemeji amfikishie baba yake anayengoja upasuaji: wanaume wanayo misuli hii, na baada ya kutolewa tezi dume ndiyo huwarudishia kuzuia mkojo. Aanze kujifunza kabla ya upasuaji. Ajue hilo sasa, asije akanuna kimya kimya kama kawaida yake.

Lakini yule Mama Neema uliyemtaja baruani asipelekwe kwenye mazoezi kwanza. Anayevuja usiku na mchana bila kukata tangu uzazi mgumu huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na tundu halizibwi kwa mazoezi. Amuone daktari wa upasuaji. Nawe ukiona damu kwenye mkojo, mkojo ukigoma kabisa, au ganzi sehemu unazokalia, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa nijibu, usikwepe. Mkojo husita kuanza, au unatoka kwa kukatikakatika? Unahisi kitu kinashuka ukeni jioni? Kovu la kushonwa linauma ukiligusa? Usiku unaamka mara ngapi? Na huyo aliyekupa hesabu ya 200 ni nani, si Zuhura kweli?

Wako,
Rukia