Mzee anayesahau na kuburuta miguu apimwe maji ya kichwani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu, imeeleza vizuri protini mbili, amiloidi beta na tau, zinavyorundikana kwenye ubongo. Iliyoachwa ni habari ya maji yanayouzunguka ubongo huo.

Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza kama nusu lita kila siku. Mwaka 2012 Maiken Nedergaard, Jeffrey Iliff na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba maji hupenya kandokando ya mishipa ya damu na kuondoka na taka, amiloidi ikiwemo. Mwaka 2014 ikaonekana kwamba panya aliyeumia kichwa njia hizo huvurugika na tau hurundikana. Mjadala haujaisha. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walipinga dai kwamba usingizi huongeza usafishaji huo.

Kwa binadamu upo ugonjwa ulioelezwa mwaka 1965 na Salomón Hakim, daktari wa Bogotá, Colombia, pamoja na wenzake: vyumba vya maji ndani ya ubongo hutanuka ilhali presha ya maji ni ya kawaida. Mgonjwa huburuta miguu, hushindwa kuzuia mkojo, na husahau. Vipande vidogo vya ubongo vilivyochukuliwa wakati wa upasuaji vimeonyesha amiloidi kwa wagonjwa wengi, na tau kwa baadhi yao. Kama maji yaliyokwama ndiyo yanayorundika protini hizo, au magonjwa mawili yamekutana kwa mtu mmoja, bado inachunguzwa.

Shangazi yangu alikuwa akishika ukuta kutoka kitandani hadi mlangoni. Kugeuka tu kulimchukua hatua nyingi fupifupi. Hospitalini tukaambiwa ni uzee. Hakuna aliyemuuliza habari za mkojo, wala kumwandikia kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa.

Hilo linaniuma, kwa sababu ugonjwa huu una tiba. Huwekwa mrija wa kupeleka maji tumboni, na mara nyingi kutembea ndiko hupata nafuu kwanza. Pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji huwekewa mirija ya namna hiyo, kwa hiyo ujuzi tunao. Naomba mchapishe dalili hizo tatu, na madaktari, kabla ya kuandika "uzee", wapige CT. Vyumba vikionekana vimetanuka, mgonjwa atolewe mililita 30 hadi 50 za maji hayo mgongoni, kisha mwendo wake upimwe upya.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam